Mbao za Feni

Nyinyi wajukuu, na vijana wengine mtakaosoma haya, msinionee huruma. Sikupita darasa la nne na sijui kupamba maneno. Nataka tu mjue kwa nini ile feni ya sebuleni haiwashwi, maana nasikia mnanong'onezana kwamba nyanya yenu anabania stima.

Babu yenu alirudishwa kutoka hospitali Homa Bay wakati ule wa jua kali, mvua bado haijaonekana. Daktari aliniita kando akasema, "Mama, mpeleke nyumbani apumzike." Mimi ni mtu mzima. Nilijua kupumzika huko ni kupi. Moyo wake ulikuwa umechoka, maji yanajaa miguuni, pumzi inatoka kama ya mtu anayepanda kilima na mzigo.

Na nyumba yetu mnaijua. Mabati matupu, hakuna silingi. Jua likishapanda, chumba cha kulala ni jiko. Alikuwa analowa jasho, tunabadilisha shuka, analowa tena. Nilimpepea na kipande cha katoni mpaka bega likafa ganzi. Ile feni ndogo ya kusimama ilimpuliza usoni, akakohoa mpaka tukaitoa. Ndipo shangazi yenu wa Migori akatuma hii kubwa ya kuning'inia juu, akasema upepo wake unashuka polepole. Sikuomba apone. Niliomba alale mchana mmoja tu bila kulowa.

Nikamwita fundi wa stima kutoka Mbita, jamaa wa maneno mengi. Akapanda ngazi, akagonga boriti ya chumba cha kulala, unga wa mchwa ukammwagikia kichwani.

"Dani," akaniita, yaani nyanya kwa Kijaluo, "hapa nikitundika feni, itashuka na nyumba yote."

"Nimekuita unifungie feni, sikukuita unihubirie."

"Na hapa ni chini sana. Mzee akiinuka kitandani atakatwa masikio. Tuifunge sebuleni, kuta za huko ni za matofali. Nipate mbao nene nizilaze ukuta hadi ukuta, feni ikae hapo. Halafu Mzee ahamie huko."

Nikaona ni sawa. Mbao zikaja na pikipiki kutoka Kisegi, mpya, bado zinanukia. Mwenye pikipiki akaziangusha chini ya dirisha la chumba cha kulala, na fundi akaanza kuzikata hapo hapo kwa msumeno.

Nyinyi mmekulia mjini. Huku kwetu, mbao mpya zikiingia boma lenye mgonjwa na msumeno ukilia, hakuna anayeuliza ni za nini. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji, kichwani mwangu mna feni tu.

Wa kwanza kusikia alikuwa wifi yangu, dada ya babu yenu, anayekaa ng'ambo ya ua. Akaingia langoni mikono kichwani.

"Uwi! Ndugu yangu! Umeniachia nani!"

Nyuma yake wanawake wengine wakamwitikia. Fundi akasimama na msumeno wake kama mwizi aliyeshikwa. Kabla sijafika uwanjani, sauti ikatoka dirishani, nyembamba, lakini ukali ni ule ule:

"Ngoja nife kwanza, wewe. Unamaliza machozi bure."

Wifi akaketi chini pale pale, kilio na kicheko vimemkaba pamoja. "Si nimesikia msumeno! Nani anakata mbao kwa boma la mgonjwa?"

Watu wakacheka. Mimi nikaingia ndani.

Babu yenu alikuwa ameegemea mto, anatazama dirisha.

"Hizo mbao ni za nini?"

"Za feni, Mzee."

"Feni siku hizi inatumia mbao?"

"Boriti zimeliwa. Anaifunga sebuleni, tukuhamishie kitanda huko upate hewa."

Akageuza uso kutoka dirishani. Kisha akasema, "Sebuleni. Mnilaze sebuleni, watu wanizunguke wanitazame, na mbao ziko tayari. Umebakisha nini, mama? Hema?"

"Nakuambia ni feni."

"Sawa, ni feni. Ifungeni, itawafaa wageni wangu. Mimi mtanipitisha mlango huo siku ambayo sitajua nani amenibeba."

Maiti ndiye hulazwa sebuleni kwetu kabla ya kuzikwa. Hakuhitaji kunieleza.

Fundi alimaliza kazi, akawasha, ikazunguka vizuri, kalenda ikacheza ukutani. Nilisimama chini yake nikausikia huo upepo unashuka polepole, kama binti yangu alivyosema. Nikarudi nikambembeleza mume wangu. Wifi akambembeleza. Mchungaji akaja, naye akaambiwa aombe aende zake. Nikaacha mlango wazi, nikidhani upepo utatufikia chumbani. Haukufika. Upepo wa feni hiyo unashuka chini, haupigi kona.

Nikarudia katoni yangu. Siku akiwa na nafuu alikuwa ananitania, "Hii feni yangu ina mdomo." Baadaye hakuwa na nguvu ya kunitania. Alikufa mchana, jua likiwa la utosi, shuka imelowa, na mimi nampepea. Nilijua amekwenda, na mkono bado ukaendelea.

Tulipomtoa mochari, jeneza likawekwa sebuleni, chini ya ile feni, maana hakuna mahali pengine. Nyumba ikajaa watu mpaka hewa ikaisha. Mmoja wenu, sikumwona ni nani, akabonyeza swichi. Ikaanza kuzunguka. Waombolezaji wakainua nyuso, wifi yangu akalegeza kitambaa cha kichwa, mtu akasema, "Aa, afadhali."

Nikasimama, mchungaji akiwa katikati ya maombi, nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Zimeni hiyo kitu, na isiwashwe tena nikiwa hai. Mwenye joto akae nje."