Diski ya Kumi na Moja

Dada yangu hasamehe, na mimi sitamwombea radhi kwa hilo.

Miaka tisa alitunza seva za hospitali. Ndani ya mashine tatu za chuma ziliishi kompyuta pepe arobaini, yaani kompyuta za programu tu zisizo na mwili wake: ya maabara, ya picha za eksirei, ya dawa, na moja ya meneja peke yake, ambayo meneja mwenyewe aliiandikia waraka: "Isiguswe na mtu yeyote." Dada alipanga hifadhi igawanywe mafungu manne, na nakala za akiba zikae kwenye diski nyingine, chumba kingine. Meneja aliucheka mpango huo kikaoni.

"Wewe Mama Mafungu, unapanga nyanya? Tunaweka fungu moja kubwa, kila kitu humo, na nakala humo humo."

Jina likamganda. Hata wafagizi walimwita hivyo. Kisha akahamishiwa stoo ya printa, chini ya ngazi, ila hakuna aliyekumbuka kuifuta nywila yake.

Mimi ningelia. Yeye aliokota diski kuukuu kumi na moja, akazibandika namba kwa plasta, na kila Ijumaa mchana akanakili data za seva, halafu akafungua faili kadhaa kuona kama zinasomeka. Nakala usiyoifungua, husema, ni matumaini tu.

"Unamfanyia kazi mtu aliyekudhalilisha?" nilimuuliza.

"Nawafanyia wagonjwa. Yeye namsubiri."

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, fungu kubwa likafa na nakala zake tumboni. Maabara haikujua damu ya nani ni ipi. Majuto ni mjukuu: meneja akashuka ngazi, shati limemganda mgongoni.

"Mama Mafungu, niokoe!"

"Twende juu. Niombe mbele ya wale uliowachekesha."

Akaomba, ukumbi umejaa.

"Sasa niombe kwa jina langu."

Akamtazama mhasibu, akamtazama katibu wake. Miaka tisa, na hakulijua. Kisa hicho nilisimuliwa na watu watatu, na kila mara nilitaka kirudiwe.

Dada akatoa diski kumi. Kufikia alasiri maabara ilikuwa inafanya kazi, wagonjwa wanaitwa.

"Na mashine yangu?" meneja aliuliza kwa sauti ndogo, amemfuata tena stoo. Humo mlikuwa na tasnifu yake ya udaktari, jasho la miaka saba.

Dada akamwekea mezani waraka wake mwenyewe. "Niliheshimu maandishi yako, mkuu."

Mwanamume mzima akakaa juu ya boksi la karatasi, akalia. Nilifurahi, sifichi.

Diski ya kumi na moja iko kwetu, kabatini, nyuma ya sahani. Kila Ijumaa mchana dada huichomeka, hufungua tasnifu ukurasa wa kwanza, huona kama unasomeka, kisha huichomoa na kuirudisha nyuma ya sahani.