Dume la Tatu, Jike la Tatu

Daktari, mtafiti wa wadudu, aliponionyesha mti wa ukoo wa mbawakawa wetu, nilijua palipoharibika. Yeye alikuwa anakuna kichwa.

Nilikuwa nimemfanyia kazi miezi minane. Kabla yake nilipita kiwanda cha saruji, nikauza vitenge Bwera, nikavuka mpaka hadi Beni, Congo, na kurudi. Sikuwahi kukaa mahali mpaka mavuno. Yeye ni binti wa watu waliotoka Kenya kufuata saruji hiyohiyo, amekulia Kasese, akasoma hadi mwisho. Aliniajiri nimtegee wadudu kwenye miteremko ya Rwenzori. Tunafukia vikombe ardhini, wanatumbukia, asubuhi tunawaokota. Kila mdudu nilimkata mguu mmoja, nikautia katika kichupa cha spiriti upelekwe maabara ya mbali wakasome vinasaba. Mwili ulibaki kwenye chumba chetu cha kazi Rukoki, yeye auchore chini ya hadubini. Mti mmoja ungetoka kwenye miguu, wa pili kwenye maumbo, halafu ailinganishe.

Sasa miti hiyo ilikuwa haifanani hata kidogo. Wadudu waliofanana kama mapacha, maabara ilikuwa imewatupa matawi ya mbali.

"Kaka, vinasaba na maumbo vinagombana kama wake wenza," alisema. "Mmoja anadanganya. Wiki ijayo naandika kwenye ripoti kwamba ni maumbo."

Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda boda kwenda Bwera kwa dada yangu.

Kwetu Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na wavulana huhesabiwa peke yao, wasichana peke yao. Nyumba ina mvulana wa tatu na msichana wa tatu, na hakuna anayewachanganya. Daktari aliponifundisha kwamba dume hutambulika kwa nyayo pana za mbele, mkono wangu ulifuata ya nyumbani: madume safu yao, kuanzia moja, majike safu yao, nao kuanzia moja. Miguu nikaiweka katika masanduku mawili, na juu ya vichupa nikaandika namba tu. Yeye akadhani sanduku la pili ni akiba, mguu mwingine wa mdudu yuleyule. Alichora madume peke yao, maana kwa mbawakawa spishi hujulikana kwa umbo la uume, lakini mguu wa kila namba aliutoa sanduku lolote, ule ulioonekana mzima. Mzigo ulipokwisha kuondoka akaniuliza mbona sanduku la akiba lina wadudu wawili pungufu kuliko la kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jike la tatu lilikuwa limekwenda maabara kwa namba ya dume la tatu. Nikamwambia, "Wawili walioza."

Dada alikuwa anasonga bundu, ugali wetu wa muhogo. Aliliangalia begi langu kabla ya kuniangalia mimi.

"Hilo begi ni kubwa kwa siku mbili."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Saruji ulikimbia. Beni ulikimbia. Sasa wadudu nao wanakufukuza, na wamekufa! Mwambie huyo mama. Akikufukuza, Congo bado iko pale."

Kesho yake nilisimama karibu na daraja la mpakani, begi begani, nikitazama watu wakivuka na mizigo yao. Hakuna aliyeniuliza kitu. Miguu yangu ilitaka kwenda. Kisha nikaiwaza ile wiki ijayo, daktari akiandika kosa langu kama ukweli, nikaita boda ya kurudi Rukoki.

"Daktari, wale wawili hawakuoza. Hakuna akiba. Sanduku la pili ni majike."

"Majike wa nani?"

"Wadudu wengine kabisa. Jike la tatu si dume la tatu."

Aliweka kalamu mezani.

"Afadhali ungeniibia pikipiki," alisema. "Sasa sijui ugomvi upi ni wa mlima na upi ni wako."

Hakunifukuza. Alinikalisha mbele yake nikate mguu mwingine wa kila dume, mmoja baada ya mwingine, naye akaandika, tukaituma maabara upya. Majuma ya kungoja majibu sikulala vizuri. Yalipokuja, wengi walikuwa wamerudi karibu na ndugu zao. Wadudu wawili tu walikataa, wasio na mabawa, wa aina inayoishi juu kwenye baridi. Kwa sura ni ndugu wa damu. Vinasaba vilisema kila mmoja ni wa ukoo wa wenye mabawa walio chini katika bonde lake.

"Labda baridi iliwanyang'anya mabawa mara mbili, mabonde mawili," daktari alisema. "Wamefananishwa na shida, si damu. Unaweza kuniapia kwamba huyu ni wa bonde hili na yule ni wa lile?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini siku niliyowaokota kulikuwa na mvua na ukungu, na nilikuwa nimewapanga peke yangu.

"Siwezi kuapa," nikasema.

Akaanza kupanga vikombe ndani ya gunia.

"Basi tunapanda mlima tena. Safari hii naandika mimi."

Nilibeba gunia nikatangulia, nikiomba mvua isinyeshe, nikiogopa tutakuta hata hao wawili ni kosa langu.