Kadi ya Jua ya Siku Maji Yalipokuja

Kila ninaposikia harufu ya karatasi inayoungua polepole, bila moto wa kuonekana, narudi Kibiti, kwenye uwanja mdogo wa nyasi nyuma ya ofisi ya kilimo, ambako mama yangu alikuwa na mpira wa kioo uliokuwa ukiandika habari za jua. Ulikuwa na ukubwa wa chungwa kubwa, umekaa juu ya nguzo ya saruji, na nyuma yake mama alichomeka kadi ndefu ya buluu yenye mistari ya saa. Mwanga wa jua ulipopita ndani ya kioo ulikusanyika ukawa nukta moja kali, na nukta ile iliiunguza kadi, ikisogea kadiri jua lilivyosogea angani. Wingu likipita, nukta ilizimika na kipande kile cha kadi kikabaki kizima. Jioni mama aliitoa kadi, akaninusisha kwanza kwa mzaha, kisha tukahesabu pamoja hapa paliungua, hapa palikatika. Siku ya mawingu kadi ilikuwa na vidoadoa tu. Siku ya jua tupu ilikuwa na kovu moja refu, jeusi, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama alikuwa bibi shamba. Pale uwanjani alikuwa pia na kopo la shaba la kupimia mvua, lenye faneli mdomoni na chupa tumboni, na kisanduku cheupe chenye kuta za luva, yaani vibao vya mshazari vya kupitisha hewa, ambamo vipimajoto vilikaa kivulini wakati sisi wengine tukiungua. Kila asubuhi saa tatu alivisoma vyote na kuandika daftarini, na kila mwisho wa wiki aliniruhusu mimi, binti yake wa kwanza, nichore kwenye ubao mweusi wa varandani. Chaki nyekundu ilikuwa ya wastani, yaani mvua, joto na saa za jua ambazo mwezi kama ule ulikuwa umezoea kutoa. Chaki nyeupe ilikuwa ya mwaka huu. Wakulima waliokuja kutafuta dawa ya mikorosho walisimama mbele ya ubao ule kama watu wanaotazama picha ya harusi, wakitafuta wanayemjua.

Nieleze wastani, maana watu wazima wengi wanaliogopa neno hili bure. Tuseme juzi umepata vikombe viwili vya uji, jana kimoja, leo vitatu. Mimina vyote kwenye sufuria moja, kisha ugawe upya sawasawa kwa siku zile tatu. Kila siku itapata vikombe viwili, na hivyo viwili ndio wastani. Umeona si vigumu. Lakini angalia vizuri: hakuna aliyekuahidi kwamba kesho utapata viwili. Na hakuna aliyekuambia lolote kuhusu uji wa nyumba ya jirani. Haya mawili mama alinifundisha nikiwa na miaka kumi. La kwanza nililishika siku ileile. La pili nilidhani nimelishika.

Ilikuwa miaka ya biashara kufunguliwa. Madukani zilianza kuonekana sabuni za kunukia na redio za rangi rangi, na wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na mizani yao mpaka mlangoni mwa mtu. Baba, aliyekuwa karani wa ushirika, alipoteza kazi hiyo akaenda kusini kuwanunulia korosho wafanyabiashara hao, tukawa tunamwona kwa msimu. Ofisini kwa mama walikuwa wakipunguza watu. Maboksi ya kadi za jua yalichelewa, kisha yakaacha kuja, na mama akawa anazihesabu zilizobaki. Zamani kulikuwa na redio ya upepo kwenye chumba cha mwisho, na kila Jumatatu mtu mmoja aliyekaa juu huko mtoni, mbali, alimsomea mama kimo cha maji kwenye nguzo yake ya kupimia. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza na alipenda kuuliza kama huku samaki wapo. Mwaka ule sauti ile ilinyamaza. Mama aliita Jumatatu tatu mfululizo, akapata mvumo mtupu, kisha tukasikia kwamba yule bwana alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mama aliifunika redio kwa kitambaa cha meza. Nakumbuka nilifurahi, maana kitambaa kilikuwa kizuri.

Masika ya mwaka ule hayakuja. Ulifika mwezi ambao mstari mwekundu wa mvua ulikuwa mrefu kuliko yote ubaoni, na mstari wangu mweupe kando yake ulikuwa kama kijiti cha kiberiti. Chupa ya kopo ilikuwa na vumbi. Kipimajoto cha mchana kilipita wastani siku hata siku, na kadi za jua zilitoka na makovu yasiyokatika, moja baada ya nyingine, mpaka boksi zima likanuka moshi. Mbwa walilala chini ya magari tangu asubuhi. Watu walianza kusema kwa sauti ya chini, kama wanaozungumza karibu na mgonjwa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na shamba la mpunga bondeni kwenye mto, chini ya kijiji cha Mtunda. Kama wenzake wote, msimu wa mpunga alihamia hukohuko akakaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ili alinde shamba dhidi ya ndege, nyani na nguruwe. Ukiliacha dungu siku tatu, umewaachia wao mavuno. Mdogo wangu Zuhura, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, alikaa naye huko, kwa sababu dungu ni raha kwa mtoto: unalala juu kama ndege na unamfukuza nyani kwa kupiga debe.

Alhamisi moja Bibi alipanda Kibiti kwa gari la mkaa kununua chumvi na mafuta ya taa, Zuhura akiwa amemshika upindo wa kanga. Mama hakuwepo. Alikuwa ameitwa Utete, kwenye kikao cha kuwaambia watumishi nani anabaki na nani anakwenda nyumbani. Nilikuwa peke yangu varandani, chaki mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mamako yuko wapi? Nina neno naye."

Nikamwambia. Akakaa kwenye ngazi, akavua kandambili moja, akaitazama kama ndiyo yenye neno hilo.

"Maji ya mkondo kule shambani yamegeuka rangi," akasema. "Yamekuwa ya chai. Na yanapanda, ingawa kidogo kidogo. Mvua yenyewe sijaiona hata ya kulowesha kichwa. Sasa najiuliza, nifungashe nipande juu, au nibaki? Mpunga umeshatoa mashuke. Nikitoka leo, Ijumaa nyani wanafanya karamu. Na mwenzangu Mwanaidi ananisubiri nimpelekee jibu."

Bi Mwanaidi alikuwa jirani yake wa bondeni, mjane mwenye kicheko kikubwa. Madungu yao yalikuwa karibu kiasi cha kuombana moto wa jikoni, ila lake lilikaa chini zaidi, karibu na mkondo.

Nikasimama mbele ya ubao kama mwalimu. Nikamwonyesha mstari mwekundu, nikamwonyesha kijiti changu cheupe. Nikamwonyesha joto, nikamwonyesha jua. "Mvua iko chini kabisa ya wastani, Bibi. Tangu nianze kuchora sijaona mwezi mkavu hivi. Maji yatatoka wapi?"

"Wewe ndiye uliyechora haya?"

"Mimi mwenyewe."

Aliyatazama muda mrefu. Kusoma hakujua, lakini kijiti kifupi kando ya mti mrefu kila mtu anakielewa. Nilimwona akitaka kusema jambo, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukalegea kwa fahari. "Basi," akasema akivaa kandambili. "Mjukuu wangu amesoma, mimi nani nibishe? Zuhura, inuka, turudi kwa nyani wetu."

Zuhura alinitolea ulimi kutoka juu ya magunia ya mkaa mpaka gari lilipokata kona.

Mama alirudi Jumamosi asubuhi. Alikuwa amebakizwa kazini, akaniletea halua. Nilimsimulia habari za Bibi nikiwa natafuna, nikingoja sifa. Aliusikiliza ubao wote, mvua, joto na jua, akitikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Aliuliza nini hasa?"

"Maji ya mkondo yamekuwa ya chai."

Mama aliweka mkoba chini. "Mwajuma," akasema taratibu mno, "hilo kopo letu linapima mvua iliyoanguka ndani ya kopo. Mto ule haunywi mvua ya Kibiti. Unakunywa ya Iringa, ya Mbeya, ya Mahenge, na maji yake hutembea siku nyingi kabla hayajatufikia. Maji ya chai ni udongo wa watu wengine." Akatazama mlango wa chumba cha mwisho, ile redio chini ya kitambaa chake kizuri. Hakunikemea. "Namba zako zilikuwa sahihi," aliongeza, na mpaka leo sijasikia maneno mazito kuliko hayo. Alivaa viatu tena, akanipa kazi moja tu: nibadilishe kadi jua likizama. Kisha akakimbilia barabarani kutafuta gari la kwenda Mtunda.

Jumapili nzima nilikaa na ule mpira wa kioo. Anga ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Niliomba wingu moja tu lipite, nikiamini kwa akili ya kitoto kwamba nukta ya moto ikikatika, hata kwa kidole kimoja, mambo ya bondeni nayo yatabadilika. Nukta ilitembea. Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye kadi, ukanyooka, haukuyumba. Mchana walipita vijana wawili wa baiskeli wakipiga kelele kwamba bonde lote ni bahari, kwamba maji yamekuja asubuhi bila ngurumo wala tone, na watu wako juu ya mapaa. Mmoja alisema ameona ng'ombe akielea huku jua likimwakia mgongoni. Walikuwa wanacheka kwa namna watu wanavyocheka wakiogopa. Jua lilipozama niliitoa kadi. Ilikuwa imeungua kutoka ukingo hadi ukingo.

Walirudi Jumanne. Mama alikuwa amekesha barabarani bila gari, akafika Mtunda Jumapili maji yakiwa yameshatangulia. Mama alikuwa mbele, Zuhura mgongoni kwake amelala, Bibi nyuma na kanga moja tu. Maji yalikuwa yamepita sakafu ya dungu, Bibi akampandisha Zuhura juu ya paa na kumfunga kwenye mti wa katikati kwa kanga yake ya pili. Wakakaa hapo siku moja na nusu pamoja na panya na nyoka ambao hawakuwa na haja na mtu, mpaka mtumbwi wa wavuvi wa kambare ukawafikia. Kiu ndiyo iliwatesa, na jua. Ngozi ya mabega ya Zuhura ilikuwa inabambuka.

Dungu la Bi Mwanaidi lilikutwa limelala. Yeye alipatikana Jumatano, kwenye matete.

Bibi hakuwahi kuniambia kwamba alimpelekea jibu langu. Hakuhitaji. Jioni ile alikaa kwenye ngazi palepale, akaniita mke mwenzangu kama kawaida, akaniomba maji, akanywa huku ameushika mkono wangu, na hakuutazama ubao. Mimi ndiye niliyekwenda kuufuta. Mama akanizuia. Akachukua chaki ya buluu, rangi ambayo hatukuwahi kuitumia, akachora mstari wa tatu chini ya ile mingine, mtupu, bila namba, akaandika: Mto. Tangu siku hiyo kila aliyepanda kutoka bondeni aliulizwa kabla hajasalimiwa vizuri: maji yana rangi gani, yamefika wapi kwenye nguzo ya dungu lako. Majibu yao ndiyo yaliyojaza mstari ule. Wengine walimcheka bibi shamba anayeuliza watu rangi ya maji. Walijibu hata hivyo.

Sasa mimi ni mwalimu wa jiografia, na wastani naufundisha kwa vikombe vya uji. Wanafunzi wangu wana simu zinazowaambia hali ya hewa ya wiki nzima kwa picha, na nawahimiza wazitumie, kwa sababu ni vyombo vizuri na vinasema kweli. Baada ya hapo naitoa ile kadi ya Jumapili daftarini na kuipitisha mkono kwa mkono. Imefifia, lakini ukiiweka puani bado ina moshi. Nawaambia: huu ni ushahidi sahihi kabisa wa siku nzuri. Kisha nawaeleza iliyobaki. Mama yangu alikuwa na kopo, kioo na redio bubu, mimi nina kila kitu mfukoni, na bado jibu la swali la Bibi ndilo ninalolikosa kwenye kioo cha simu.

Juzi, nikiwa naandika haya, Zuhura alinipigia. Analima lile shamba la Bibi.

"Dada, mvua mmepata huko?"

"Hata tone. Nyie?"

"Jua tupu. Mpaka kandambili zinanata. Ila mkondo umegeuka."

Nilitazama simu. Yalikuwa majua saba yamepangwa safu moja, mazuri, ya njano.

"Rangi gani?"

"Mwalimu naye! Rangi unaijua. Godoro nimeshafunga, sikukupigia nikuulize, nimekupigia ukafagie chumba."

Nilicheka, na kicheko kikaniishia njiani. "Zuhura. Na majirani?"

Nilisikia miguu yake ikishuka ngazi za dungu, kisha sauti yake ikiwa mbali na simu, juani, ikiita majina ya watu, moja baada ya jingine.