Nurudini na Sabuni Isiyokatwa

Ukikuta sokoni Kasulu kipande cha sabuni kimegongwa jina "Mama Dadi", usidhani Nurudini alizaliwa na akili hiyo. Wapi! Mwaka 1996 sabuni yake ya mawese iliitwa "Malkia", na jina hilo aliligonga mara moja tu, katikati ya mche, kwa herufi kubwa kama za bango la ofisi ya chama. Mteja akiomba kipande, Nurudini anakuja juu: "Nimkate Malkia? Thubutu!" Mteja naye anakwenda zake duka la jirani.

Faudhia, mkewe, alimwambia mara tatu kwamba wanawake wa kijiji cha Kagerankanda hununua vipande, si miche. Nurudini aliitikia "ehee" mara zote tatu, na hakusikia hata moja. Mdomo alijaliwa, masikio sijui aliyaazima kwa nani.

Siku moja asubuhi Faudhia akamwambia, "Baba Dadi, usiku mama amenijia ndotoni." Mama yake alikuwa amezikwa juzijuzi, hata arobaini haijatimia. Nurudini, macho kwenye karai la mawese, akajibu, "Msalimie. Hivi magadi yamebaki?"

Faudhia hakugomba. Alifunga kanga zake, akambeba mtoto wao, Dadi, akapanda gari la Kibondo kwa dada yake, Asia. Hapo ndipo roho ya Nurudini iliposhtuka, kwani kugombezwa alikuzoea, kunyamaziwa, hapana. Wiki mbili zikapita, hata salamu hakuna.

Ndipo akaja Pelagia, mkulima wa Kagerankanda. Akapiga makofi yake ya salamu taratibu, kama desturi ya Waha, akauliza habari za nyumba, za mtoto, za mvua. Nurudini akamkatiza: "Mama, Malkia haina mpinzani, povu lake peke yake..." Pelagia akangoja amalize. Alingoja sana, maskini.

"Mama Dadi yuko wapi?" akauliza.

"Kibondo."

"Basi na mimi nakwenda zangu. Nilipofiwa na mwanangu watu walinipa pole, wakaondoka. Yeye ndiye aliyeniuliza mtoto aliitwa nani, akakaa akanisikiliza mpaka nikamaliza. Ndiyo maana napita maduka manne kuja hapa. Ulidhani namfuata Malkia?"

Aibu ilimshika Nurudini. Akachukua kisu, akaukata mche vipande vinne, akampa kimoja. Kisha akavuta kigoda.

"Aliitwa nani, mama?"

"Bazilio," Pelagia akasema, na habari za Bazilio zikaenda mpaka adhuhuri.

Kesho yake Nurudini alikuwa kwenye gari la Kibondo, akikariri hotuba ya kuomba radhi yenye methali saba. Asia akamkaribisha mkekani, uso umekunjwa. Faudhia akaketi mbali, akiingoja hiyo hotuba. Anamjua mtu wake.

Nurudini akaimeza yote. "Mama Dadi, ile ndoto. Mama alisemaje?"

Machozi yakamlenga Faudhia. "Aliniuliza kama nina mtu wa kuongea naye."

"Ukamjibu nini?"

"Niliamka kabla sijamjibu."

Nurudini alikuwa na mambo kumi ya kusema, yakimwasha ulimi kwelikweli. Akasogea karibu.

"Akija tena," akasema, "mwambie yupo. Ila masikio yake bado mapya."