Tulivyokwenda Kupokea Posa Mlimani

Mimi ni mtu wa kuingiwa na hofu mapema. Simu ikilia alfajiri, nishamzika mtu kabla sijaipokea. Basi binti yangu aliponipigia kutoka Italia, nami niko jikoni kwangu Qurum, hapa Maskati, nakaanga vitunguu, maneno yake machache tu yalitosha kuninyima usingizi wiki tatu.

"Mama, mkija, siku moja nitakupelekeni kwenye ule mji niliofanyia mazoezi ya kazi, ule wa juu ya mlima," alisema. "Na mchana tumealikwa chakula. Kuna mzee mmoja na ahali zake wanataka kuonana na nyinyi, wewe na Baba."

"Kuonana na sisi kwa lipi?"

"Atasema mwenyewe. Kanambia nisimsemee."

Nilizima jiko nikakaa. Kwetu sisi, watu msiojuana hawaombi kuonana na wazee wa binti bure. Wakiomba, tena ukoo mzima, na chakula juu, wana neno. Na neno hilo tangu enzi za bibi zetu Unguja ni moja tu: posa. Kwamba watu wenyewe ni Wataliana na huenda hawajui hata posa ni nini, hilo halikunipitia kichwani hata mara moja.

Mtoto huyu ndiye pekee niliyejaaliwa. Alikwenda kusomea kutengeneza majengo ya kale, na makubaliano yalikuwa kwamba akimaliza atarudi. Oman hakuna bonde lisilo na ngome, na ngome zinataka watu. Nilishazungumza na wenzangu wa zamani kwenye ofisi ya mambo ya kale, nafasi yake ipo. Chumba chake nilishakipaka rangi upya. Akiolewa kule, nilijiambia, kwisha habari yake. Nitamuona kwenye kioo cha simu, na wajukuu wataniita kwa jina nisilolijua.

Nilimwambia mtu mmoja tu, shangazi yangu anayekaa Bustan, ambaye amekwishakataa posa nyingi za binti zake na za watu.

"Usiseme hapana," alinifunza. "Hapana ni utovu wa adabu. Sema binti ana ami zake na wajomba zake, jambo hili la kushauriana, tupeni muda. Halafu muda wenyewe usimalizike. Nshafanya hivyo mara nne, na wote wangali wananiamkia."

Maneno yale niliyakariri ndegeni kutoka Maskati mpaka tunashuka.

Mume wangu ni mtu ambaye hofu zote za nyumba kaniachia mimi. Siku moja kabla ya safari alikwenda Ruwi akarudi na bakuli kubwa la halwa. Nilitaka kulia.

"Halwa ya nini? Halwa na kahawa hutolewa watu wakishakubaliana! Sisi ndio wenye binti, tukafike na halwa mkononi, watasema hawa wameshatoa."

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, bibi wee," alisema, akaifunga kwenye kanzu zake mbili akaitia kwenye sanduku.

Siku yenyewe tuliiacha gari chini, kwani mjini magari hayaingii. Binti akatuonyesha kwa kidole. Mji ulikuwa juu kabisa, nyumba zimeshikana bega kwa bega mpaka kwenye ukuta, na chini ya ukuta hakuna kitu ila bonde. Sisi watu wa Maskati tunapanda gari hata kufuata mkate mwisho wa mtaa. Nilizitazama zile ngazi, goti langu la kulia likaanza kuuma kabla sijapanda hata moja.

Tulipanda. Lango la mawe, kisha uchochoro, kisha ngazi, kisha uchochoro mwembamba zaidi ambao watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Mume wangu alisimama kila mlango akipiga picha. Binti alitutangulia huku anazipapasa kuta kwa kiganja, na kila baada ya nyumba mbili tatu alikuwa na la kusema. Hii ya zamani kuliko kanisa. Hii ilianguka upande ikajengwa kwa mawe ya jirani. Hii waliipaka saruji, wakadhani wanaipa nguvu, kumbe ukuta wa mawe ukipakwa saruji unashindwa kutoa unyevu wake na unaoza kwa ndani. Ilibidi ile saruji ibanduliwe yote, ipakwe chokaa.

"Nani aliibandua?" baba yake aliuliza.

"Mimi na mzee. Mwezi mzima, Baba, tulikuwa tunakula vumbi."

Alisema hivyo kwa raha ambayo sikuwahi kuisikia alipokuwa anazungumza habari za ofisi niliyomtafutia. Niliisikia, nikaipita.

Ukweli ni kwamba mji sikuuona. Uwanjani palikuwa na kisima chenye mdomo wa mawe uliolika kwa kamba, na penye ukuta wa nje palikuwa na mahali pa kusimama unapoona mashamba yote mpaka upeo wa macho. Watu wanalipa nauli kuja kutazama vile. Mimi nilikuwa namtazama binti yangu anavyotazamwa. Mwoka mikate alitoka mlangoni na unga mikononi kuja kumwamkia. Bibi mmoja alifungua dirisha la juu akampigia kelele, naye akamjibu kwa kelele vilevile, mtoto niliyemlea asipaze sauti. Wote walimjua. Wote walitutazama sisi, wakatabasamu tabasamu la mtu mwenye siri.

Kwenye uchochoro wa nyuma ya kanisa kulikuwa na kijana juu ya ngazi, ana ndoo ya chokaa. Alipotuona aliteremka mbio. Mrefu, ndevu nzuri, macho ya kucheka. Nikajua ndiye. Nilingoja ampe mkono mwanangu, au Mungu aniepushe, ambusu mashavu kama wafanyavyo, nipate sababu. Hakumpa. Aliweka kiganja kifuani akainamisha kichwa, kwanza kwake, kisha kwangu, kama afanyavyo binti yangu mbele ya wanaume wageni.

Badala ya kutulia, nikaingiwa na baridi. Kijana huyu ameshafundishwa adabu zetu. Jambo limekwenda mbali.

"Umeonaje?" mume wangu alininong'oneza.

"Nimeona tunaibiwa."

"Mimi nimeona njaa," alisema.

Saa saba mchana tukabisha kwa mzee. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja kikubwa chini, meza ndefu katikati. Mzee alikuwa mfupi, mabega mapana, amevaa koti la sherehe, na mikono yake ilikuwa na nyufa nyeupe zisizotoka kwa maji. Binti alitutambulisha. Mke wa mzee alinishika mikono yote miwili, akazungumza sana. Yule kijana wa ngazi alikuwepo, amebadilisha shati. Ni mjukuu wao. Palikuwa pia na mwanamke mdogo mwenye nywele fupi, nikamchukulia kuwa dada yake, akizunguka na kikapu cha mikate.

"Anasema chungu kipya," binti alinitafsiria maneno ya bibi. "Kakinunua kwa ajili yenu, hakijapikiwa nyama ya aina yoyote. Ni samaki tu humo. Na mvinyo wote kaupeleka kwa jirani tangu jana."

Shukrani zilinitoka mdomoni, moyoni nikazama. Nani ananunua chungu kwa ajili ya chakula cha mchana? Na hapo hapo mume wangu akafungua mfuko wake, akaliweka lile bakuli la halwa katikati ya meza, akalisukuma kwa heshima mbele ya mzee. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alisogeza mguu.

Tulikula. Samaki alikuwa mzuri, nadhani. Walipoondoa sahani, mzee akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakohoa kidogo, na meza yote ikanyamaza. Kijana aliinamisha macho. Binti yangu alikuwa mwekundu masikioni, kama alivyokuwa mdogo akileta cheti cha shule.

Sikuweza kumngoja. Nikasimama na mimi.

"Mwambie," nilimwambia binti kwa Kiswahili, "tumeshukuru kwa ukarimu wao, wametutukuza. Lakini binti ana ami zake na wajomba zake. Jambo hili ni la kushauriana. Watupe muda."

Binti hakutafsiri. Alinitazama, akamtazama kijana, akaitazama halwa.

"Mama. Unadhani wanaposa?"

"Kwani siyo?"

"Mama! Huyo aliyekupa mkate ni mke wake."

Mume wangu alicheka mpaka akavua miwani. Mwanamke wa nywele fupi akauliza kuna nini, binti akamwambia, naye akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanamcheza. Mimi nilikaa chini na haya zangu, lakini wallahi raha niliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko haya. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nikajikatia kipande kikubwa cha halwa kwa kijiko cha chai, nikala. Kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia ladha ya kitu.

Mzee hakucheka. Alikuwa bado amesimama, kifungo kimefungwa, anangoja zamu yake. Binti alijifuta machozi ya kucheka akaanza kumtafsiria, sentensi moja moja, na kicheko kikawa kinampungua usoni kadiri alivyoendelea.

"Anasema kazi ya chokaa alifunzwa na baba yake. Anasema wanawe walikwenda mjini, na mjukuu wake ana mikono mizuri lakini hana jicho. Anasema mimi ninalo. Anataka nibaki hapa nifunzwe yote, na karakana aniachie. Anasema mimi nimeshakubali. Lakini yeye hachukui mtoto wa watu kabla mama yake na baba yake hawajamuona uso wakampa jawabu. Mkisema hapana, anasema, hatanichukua, na hatakuwa na kinyongo."

"Miaka mingapi?" niliuliza.

Aliuliza, akajibiwa. "Hajui. Saba, labda. Kuta hazina haraka."

"Na baada ya hapo?"

"Sijui, Mama. Nnakwambia kweli, sijui."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kijana. Kijana ningemkataa kwa dini, kwa ukoo, kwa umbali, kwa ami na wajomba, na hakuna mtu wa Qurum wala Bustan ambaye angenilaumu. Kwa ukuta nilikuwa sina hoja hata moja. Hoja yangu pekee ilikuwa kwamba nyumba ni kubwa na mimi nnaogopa kuzeeka ndani yake bila ya yeye, na hiyo si hoja ya kumwambia mtu mzima mbele ya watu. Niliitazama mikono ya mwanangu juu ya meza. Kucha zilikuwa fupi, na pembeni mwa vidole ngozi ilikuwa imeanza kupasuka nyufa nyeupe.

Neno moja lingetosha. Mzee alikuwa amenipa neno hilo mwenyewe, kwa heshima, na nilijua ni mtu wa kusimamia alilosema. Lile hapana ambalo shangazi alinikataza lilikuja mpaka nyuma ya meno. Nilikasirika na mzee, nikakasirika na baba yake binti kwa kukaa kimya, nikamkasirikia binti mwenyewe kwa kuwa na raha ambayo sikumpa mimi. Wote walikuwa wananitazama. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Bibi mwenye nyumba alinisogezea gilasi ya maji, sikuigusa.

Mume wangu ndiye aliyesema hatimaye, polepole, bila ya mzaha.

"Mwambie kwetu sisi, binti akiulizwa kama ameridhia na akanyamaza, kimya chake ndiyo jawabu," alimwambia. "Mwambie na mama yake ni hivyo hivyo."

Binti yangu alimgeukia mzee akaanza kutafsiri. Alitafsiri taratibu, neno kwa neno, na macho yake hayakuwa kwa mzee, yalikuwa kwangu, ananipa nafasi ya kumkatiza. Sikumkatiza.