Mwanamke Aliyeuawa Katika Kitabu cha Nne

Nyumba yangu na ya Loveday Trembath, hapa Falmouth, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo alipotupa kikombe cha chai kikapasuka vipande vipande, nilisikia kana kwamba kimenipiga mimi. Nikatoka na kandambili zangu kwenye mvua, nikagonga mlango wake.

"Wanataka nimfufue!" alifoka kabla sijafuta miguu.

"Umfufue nani?"

"Ilse! Mke wa Stroud! Wana wazimu hawa watu!"

Stroud anajulikana na kila mtu hapa Uingereza, hata na wasiofungua kitabu. Ni jasusi, mwembamba, mkimya, mwenye bastola na bahati. Ambrose Kellaway aliandika vitabu vyake maisha yake yote, na alipofariki wachapishaji wakaona si busara jasusi azikwe na mzee. Wakatafuta mtu wa kuendeleza. Wakamchagua Loveday, anayeuza dawa katika duka la barabara kuu. Alikuwa ameshaandika riwaya kadhaa za ujasusi, zilizosomwa na watu wachache waliozipenda sana.

Habari ilipotoka, wapenzi wa Stroud walimtukana mtandaoni usiku na mchana. Bwana mmoja alikuja mpaka dukani, akamuuliza mbele ya wateja, "Muuza dawa za kikohozi anajua nini kuhusu kuua watu?"

"Wewe endelea kuja kuchukua dawa zako kwangu," Loveday alimjibu, "utajua ninachojua."

Ilse alipigwa risasi katika kitabu cha nne, juu ya daraja la mpakani, theluji ikianguka, na Stroud akiwa ng'ambo ya pili. Tangu hapo Stroud ni mjane, na watu wamemhurumia kitabu baada ya kitabu. Sasa mhariri, kijana aitwaye Tobin, alikuwa amepiga simu kusema Ilse lazima arudi akiwa hai. Ndivyo alivyotaka Bi Rosalind, mjane wa Kellaway, ambaye haki zote za vitabu ziko mikononi mwake.

Loveday hakukasirika kwa sababu ya kitabu tu. Mumewe, Denzil, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu katika chumba kile cha mbele, na mimi nilikuwepo. Baada ya mazishi nilimkuta mara nyingi ameandaa meza ya watu wawili, kisha anarudisha sahani moja kabatini akinitazama kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeitoa.

"Nataka aniambie usoni," alisema. "Huyo bibi. Aniambie mtu akifa anarudije."

Wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma wiki ile, kwa hiyo nilimpeleka kwa gari langu. Bi Rosalind aliishi katika nyumba ya mawe nje kidogo ya Exeter. Alikuwa mzee mrefu, mgongo umenyooka, na alitufungulia mlango mwenyewe.

"Wewe ndiye muuza dawa?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye unayefufua maiti?"

"Kaa kwanza, mama. Ukishakaa unitukane vizuri."

Tulikaa jikoni. Chai ilikuja bila biskuti. Loveday hakuigusa.

"Mume wangu alinifia mikononi," alisema. "Niliomba, nililia, nilimtukana arudi. Hakurudi. Sasa niandike mwanamke aliyekufa anabisha hodi, 'jamani, kumbe nilikuwa nimejificha'? Unajua ni wajane wangapi wanasoma vitabu hivi? Niwafanyie mzaha?"

Bi Rosalind alimwacha amalize. Kisha akasema polepole, "Ilse ni mimi."

Hatukuelewa. Akaendelea, na sauti yake ikawa ngumu.

"Nilimfumania Ambrose na mwanamke mwingine kitandani kwangu. Nikamtupia nguo zake nje. Akaenda kupanga chumba mjini, akaandika kitabu cha nne. Soma vizuri utaniona. Kucheka kwangu, jino langu lililopinda, hata ninavyokunja leso. Akanichukua mzima mzima, akanisimamisha darajani akanipiga risasi. Aliporudi kuomba msamaha, dunia nzima ilikuwa imeshanisoma nikifa. Nami nikampokea, mjinga mimi! Nikakaa naye mpaka kifo chake. Waandishi wa habari walikuwa wanakaa hapo ulipokaa wewe, wanakunywa chai yangu, wananiuliza kama na mimi nililia Ilse alipokufa. Ambrose anatabasamu tu. Mshenzi yule!"

Nilidhani Loveday atamwonea huruma. Badala yake akapiga meza.

"Na Stroud alikuwa wapi? Si alikuwa ng'ambo ya daraja na bastola mkononi? Kwa nini hakufyatua?"

"Kitabu kinasema iliganda kwa baridi."

"Bastola iliyofanya kazi jangwani, baharini na mtaroni, siku ya mkewe ndiyo igande! Alikuwa anataka mkewe afe, bibi. Alisimama pale akatazama."

Bi Rosalind alicheka, na kweli jino moja lilikuwa limepinda.

"Sitamfufua Ilse," Loveday alisema. "Lakini nitamfanya Stroud akiri. Aseme bastola haikuganda."

Kicheko kikakatika. "Mimi sijakuomba umwadhibu mtu. Nimekwambia nataka kurudi! Nimekufa muda wa kutosha."

"Huwezi kurudi, mama. Na mimi sina wa kunirudishia wangu."

"Tokeni nyumbani kwangu."

Tulitoka. Njia nzima Loveday alinigombeza kwamba naendesha kama mgonjwa.

Siku chache baadaye simu yake ikalia. Bi Rosalind hakusalimia. "Andika," alisema. "Lakini aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Asije akasemewa na mtu." Akakata.

Loveday aliandika majira yote ya baridi. Nilimsikia akitembea, akisoma kwa sauti, akimtukana Stroud kama mtu aliyeko sebuleni. Alipomaliza, Tobin alikuja Falmouth amevaa viatu vya suede, ile ngozi laini yenye manyoya mafupi, vikaharibika kwa mvua. Alikuwa hoi, nami nilikuwa pale sebuleni.

"Bi Trembath, Stroud hawezi kuwa mwoga. Tuseme adui aliiharibu ile bastola. Mstari mmoja tu."

"Mdogo wangu, kunywa chai."

"Watatuchoma moto!"

"Basi mtapata joto."

Akampigia Bi Rosalind mbele yetu, akitegemea msaada. Tulimsikia bibi kutoka upande wa pili wa meza: "Kijana, kibaki kilivyo. Ukigusa neno moja, Stroud wenu nitamfungia kabatini mpaka nife." Tobin akanywa chai.

Kitabu kikatoka, na matusi yakaja kwa ndoo. Katika duka la vitabu la Exeter, ambako Loveday alialikwa kuzungumza, mwanaume wa makamo alisimama kwa hasira. "Nimemsoma Stroud tangu utotoni. Umemfanya muuaji wa mkewe!"

Kabla Loveday hajajibu, Bi Rosalind alisimama kwenye safu ya mbele akiegemea kiti.

"Ilse alipouawa, wewe ulilia?"

Bwana yule akababaika. "Sikumbuki, bibi. Nilitaka kujua Stroud atafanya nini."

"Basi na leo utaweza kuvumilia bila kulia. Kaa chini."

Akakaa. Sijawahi kumwona Loveday akiwa na furaha kama ile, na ilikuwa furaha ya mtu aliyekunja ngumi.

Bi Rosalind alifariki mwaka uliofuata. Haki zikaenda kwa mpwa wake anayeishi London, naye akampa kazi mwandishi mwingine, bwana maarufu. Katika kitabu chake, kule kukiri kwa Stroud ni ndoto tu aliyoota akiwa amelishwa dawa na maadui. Na Ilse amerudi! Yuko hai, bado mrembo, na anamwambia Stroud amemsamehe.

Loveday alikisoma amesimama, dukani kwake, wateja wakisubiri foleni. Jioni alinigongea mlango.

"Wamemrudisha ili amsamehe aliyemuua," alisema. Macho yalikuwa makavu. "Yule mama aliomba kurudi. Hivi ndivyo walivyomrudisha. Wamemuua mara ya pili, na safari hii wamemnyoosha hata lile jino lake."

Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema ana kazi. Punde nikamsikia ukutani akisogeza kiti mezani, kisha akianza kusoma kwa sauti maneno mapya, ya kitabu chake mwenyewe, kisichokuwa na Stroud ndani yake.