Kabla Nyama Haijagawanywa

Nilitoka nyumbani Rombo kwa sababu ya shemeji yangu, mke wa kaka Aloyce. Mwaka jana ng'ombe wetu alianguka ghafla zizini. Tulimchinja upesi kabla hajakata roho, tukagawana nyama kwa desturi: kidari kwa mkubwa wa ukoo, paja kwa wajomba, kila ndugu na fungu lake. Bwana mifugo alipofika alituomba tuirudishe yote. Kwetu fungu ulilokwisha kupewa hulirudishi. Ni kumtukana aliyekupa. Tukala. Kumbe ng'ombe alikuwa na ugonjwa wa kimeta. Wengi waliugua, shemeji akafariki.

Tangu siku hiyo kaka hakumsemesha tena bwana mifugo. Sasa ukoo ulitaka kuchinja tena, kwa ajili ya kumaliza msiba. Niliogopa turudie lilelile. Kaka akaniambia, kwa kuwa mimi ni mwalimu na najua kuuliza, niende Dar, nikaone wauza nyama wa huko wanavyosubiri ukaguzi bila kuaibishana.

Jioni ya kwanza, Kariakoo. Binamu yangu anayekaa Mchafukoge alinipeleka kwa Mzee Shomari, mwenye bucha karibu na Mtaa wa Msimbazi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama huko mlimani tunakula ndizi tu hadi nije kutazama nyama ya watu. Kisha akanipa kigoda na kunisimulia aliyoyasikia kwa babu yake, naye alikuwa muuza nyama.

Zamani, alisema, sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilimaliza mazizi, na serikali ya kikoloni ikaanza kuzuia ng'ombe njiani kwa karantini. Kwenye nyama, jicho kali lilikuwa kwa ile ya meza za wakubwa. Ya Waswahili haikuangaliwa sana. Baada ya uhuru yakaja majosho ya kuogeshea ng'ombe na chanjo hadi vijijini. Baadaye majosho mengi yakakauka, na mfugaji akaachiwa mengi ayabebe mwenyewe. Lakini sheria ya kukagua nyama imebaki: ng'ombe asafiri na kibali, atazamwe akiwa hai, kisha nyama yake itazamwe tena. Ndugu msomaji, usichoke na hatua hizi. Kila moja ipo kwa sababu ile inayofuata inaweza kuchelewa, kama kwetu.

Asubuhi yake, machinjioni, ng'ambo ya Buguruni. Ng'ombe wa Mzee Shomari alikuwa ametundikwa, na mapafu na ini vikining'inia pembeni vikiwa na namba ileile, ili visichanganywe na vya mwingine. Hakuna aliyegusa kitu. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye buti nyeupe, alipasua tezi moja baada ya nyingine, akarudi kwenye mapafu, akanionyesha vivimbe vigumu. Kifua kikuu cha ng'ombe, alisema, na kimeshaenea. Ng'ombe mzima akakataliwa.

Mzee Shomari alikuwa ameahidi nyama hiyo kwa pilau la harusi ya mjukuu wake. Alibishana kidogo, kisha akaangalia ikimwagiwa dawa ya kuiharibu isije ikauzwa. Nilimuuliza kama hakuona aibu.

"Nimekasirika, Mwalimu, sikufichi," alisema. "Lakini nyama ikishatoka mikononi mwangu, siwezi kuifuata kwenye sufuria za watu."

Siku ya tatu nilipanda basi kurudi. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua tu yule mzee alifanya nini baada ya kukasirika. Nikamwambia alikwenda kutafuta ng'ombe mwingine, akasubiri upya.

Nyumbani, siku ya kuchinja. Bwana mifugo alikuwa amekuja jana yake kumwona ng'ombe akiwa hai. Mimi ndiye niliyempokea. Baada ya kuchinja tuliilaza nyama juu ya majani ya mgomba, nzima. Jua likapanda na pikipiki yake haikusikika. Mjomba akasema nzi watamaliza ukaguzi kabla ya serikali. Watu wakamtazama kaka, maana kisu cha kugawa kilikuwa mkononi mwake.

Nilichojifunza safarini ni kidogo: desturi yetu haikuwa na kosa, saa yake ndiyo iliyokuwa na kosa. Kugawa kungoje ukaguzi, basi, na hakuna atakayeombwa kurudisha.

Kaka alikilaza kisu juu ya majani, akaketi. Bwana mifugo alipofika, amejaa vumbi na akianza kuomba radhi, kaka aliinuka akampa mkono.

"Karibu," alimwambia. "Hatujagawa."